Sisimizi Walipoikataa Soda ya Mahindi

Bisha. Nakuruhusu kabisa, bisha mpaka mishipa ya shingo ikutoke, lakini mimi kwa macho yangu haya mawili, tena sivai miwani, nimeona sisimizi wakiitwa shaurini, wakatoa ushahidi, na ushahidi wao ukamnyang'anya mtu friji. Usiniambie sisimizi hawasemi. Wale walisema, na wakili hawakuwa naye. Najua wewe umesoma, cheti chako kiko ukutani na fremu yake. Mimi shule niliiacha mapema, siku mwalimu alipoanza kuchanganya herufi kwenye hesabu. Nikaona huyu naye amepotea, nikamwachia darasa lake. Lakini leo sogea hapa, weka simu mfukoni, usikilize mtu wa bure.

Benchi letu liko nje ya duka la shangazi yangu, dada yake baba, kando ya mlango, mahali ambapo ukuta unaanza kutoa kivuli jua likipinda. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umebonyea katikati kwa sababu katikati hukaa Bomba. Bomba ni fundi bomba, mwili wake ungetosha watu wawili na bado nguo zingebana. Kushoto kwake ni kinyozi, tunamwita Redio, kwa kuwa redio ya kinyozini kwake haizimwi, na yeye hutuletea nusu ya kila habari. Nusu nyingine humezwa na mlio wa mashine ya kunyolea. Kulia ni mzee Kielelezo, aliyekuwa karani wa mahakama tangu ujana. Alistaafu yeye, ukarani haukustaafu. Mwambie mvua imenyesha, atakuuliza kielelezo kiko wapi. Kwenye ncha ya benchi nakaa mimi, Barafu, fundi friji namba moja wa mtaa huu, na namba mbili bado tunamtafuta. Muuza kahawa husimama mbele yetu na birika lake. Anamimina, anasikiliza, hasemi. Ndiyo maana hana ugomvi na mtu.

Sasa basi. Kampuni ya soda ilimletea shangazi friji mpya. Ile ya zamani, iliyokuwa inakoroma kama mtu mwenye mafua, waliibeba wakasema gesi yake inaondolewa kwenye matumizi, maana ikitoroka hupanda angani ikaipasha dunia joto. Wakamwachia hii nyingine, nyeupe, kimya, mlango wa kioo, na ndani wakaipanga soda yao mpya. Sharti moja tu: friji ni mali ya kampuni. Soda mpya ikitoka kwa wateja, friji inabaki. Isipotoka, gari litapita kuichukua. Shangazi akakubali bila kusita, na angekataaje? Duka lile bila friji ni sabuni na viberiti. Watu humfuata shangazi kwa ajili ya ubaridi, wakishafika ndipo wanakumbuka na chumvi. Friji ndiyo iliyomsomesha binti yake, na mimi pia imenilisha, maana baba alipotangulia mbele ya haki ni shangazi aliyenichukua nikiwa bado najipangusa kamasi kwa mkono.

Siku ya pili tu, Redio alikuja na kitambaa cha kunyolea bado kiko begani.

— Mmesikia? Asubuhi wamesema hiyo soda mpya haina sukari.

— Haina sukari na ni tamu? akauliza Bomba.

— Utamu wake ni wa mahindi.

— Mahindi gani?

— Mahindi, bwana! Haya haya unayoyajua. Wanayakamua.

— Redio, mimi nimekula mahindi tangu sijaota meno ya ukubwani. Sijawahi kuona hindi linatoa hata jasho.

— Kiwandani wana mashine zao. Wewe unafikiri kila kitu kinakamuliwa kwa mikono?

Mzee Kielelezo akainua kidole, ishara kwamba baraza limefunguliwa rasmi. Akamwomba shangazi chupa moja. Shangazi akaitoa, ina baridi mpaka inatoa machozi. Mzee akavaa miwani, akaigeuza kama mtu anayetafuta alama za vidole, akasoma kwa sauti ya mahakamani:

— "Maji. Sharubati ya mahindi. Hewa ya kaboni. Rangi. Ladha." Basi. Imeandikwa.

— Sasa kama imeandikwa, shangazi akasema kutoka mlangoni, si ina maana hawajaficha?

— Mama, nimekaa mahakamani miaka na miaka. Mshitakiwa akianza kukiri kabla hajaulizwa, huwa kuna jambo kubwa zaidi anataka usimwulize.

— Baba Kielelezo, sukari ni sukari. Iwe ya miwa, iwe ya mahindi, ikifika tumboni inakuja na kitambulisho? Kunyweni kidogo mtakuwa wazima, kunyweni kreti nzima mtaugua. Hata ile ya zamani ilikuwa hivyo.

Akaingia ndani kumhudumia mteja. Redio akainama, sauti ikashuka:

— Mmemsikia? Ameshafundishwa la kusema.

— Na friji wamempa bure, Bomba akaongeza. Nani anatoa friji bure? Mimi hata kipande cha bomba sijawahi kupewa bure.

— Halafu ngojeni, Redio akasema, macho yamemtoka. Unga umepanda au haujapanda?

— Umepanda.

— Kwa nini umepanda?

Bomba akajipiga paja mpaka kahawa ya mzee ikamwagika.

— Ah! Mahindi yote yameingia kwenye chupa!

Hapo mimi nilikuwa sijafungua mdomo, na wewe unanijua, kukaa kimya kunanipa homa. Nikanyoosha miguu, nikasema taratibu, kama mtu ambaye ana habari na hana haraka:

— Nyinyi hangaikeni na mahindi. Asubuhi hii mimi nilikuwa nyuma ya ile friji, kazini. Kuna mtu kati yenu anajua nyuma kumebandikwa nini?

— Nini?

— Picha ya moto.

Benchi zima likageuka. Hata muuza kahawa birika lilisimama hewani.

— Moto kivipi? akauliza Redio.

— Ndimi za moto, ndani ya pembetatu ya njano. Ile gesi ya zamani, wazee wangu, ukiipulizia kiberiti inakizima. Hii mpya ni ndugu wa damu wa gesi ya kupikia. Dunia haiipashi, sawa. Lakini inawaka.

Na hilo, bwana, ni kweli tupu, kamwulize fundi yeyote. Kiasi kilichomo ni kidogo, ukikimimina hakijazi kikombe hiki cha kahawa, ila hilo sikulisema. Hakuna aliyeuliza.

— Kwa hiyo, mzee Kielelezo akasema akikunja uso, wameondoa gesi inayochoma dunia, wakaleta inayochoma nyumba.

— Dunia ni ya watu wote, Bomba akasema. Nyumba ni ya shangazi peke yake. Mnaona hesabu hiyo?

Redio akasimama. Redio akisimama ujue nywele za mtu huko kinyozini zimebaki nusu.

— Nisikilizeni, niwachoree. Gesi ya kwanza nani aliitengeneza? Wao. Ikapanda juu, jua likakasirika. Jua likikasirika wewe unasikia nini?

— Kiu, akasema Bomba.

— Ukisikia kiu unakimbilia wapi?

— Kwenye friji.

— Friji ya nani?

— Yao!

— Unakunywa nini?

— Soda yao!

— Na soda ya mahindi haikati kiu, inaiongeza. Unarudi kwenye friji. Wanatengeneza friji kubwa zaidi, joto zaidi, kiu zaidi. Tunazungushwa, ndugu zangu! Tunazungushwa kama nguo kwenye mashine!

— Nani kasema inaongeza kiu? mzee akauliza.

— Redio.

— Wewe, au ile ya kinyozini?

— Sote wawili.

Ungedhani hapo ndipo juu kabisa pa ngazi. Bado. Bomba alikuwa anavuta pumzi.

— Mimi, akasema, ndiye mtu pekee hapa ninayeujua mji huu kwa chini. Nimelala kifudifudi kwenye mifereji ambayo nyinyi hamjui hata kama ipo. Na ninawaambia, siku hizi maji machafu yananata. Juzi nimezibua bomba nyumba ya ghorofa, spana ikakataa kuniachia mkono.

— Spana ya nani? nikamtania. Umeikopa kwangu mwaka jana, labda inataka kurudi nyumbani.

— Wewe cheka. Halafu jiulize, friji ina nini nyuma? Bomba. Soda ina nini ndani? Mapovu. Mapovu ni nini? Gesi. Sasa gesi inazunguka kwenye bomba usiku na mchana, na chupa zimelala humo humo. Mimi ni fundi bomba, hakuna bomba lisilovuja. Inapenya.

— Unasema gesi ya friji ndiyo inayoingia kwenye soda?

— Sisemi. Ninauliza kwa nini inapofunguliwa inafanya "pssst".

Wote wakanigeukia mimi. Mzee Kielelezo akaniwekea mkono begani, kitu ambacho hajawahi kukifanya, kwa kawaida huniita "kijana wa kelele".

— Barafu, hilo ni eneo lako. Linawezekana?

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Chupa imezibwa na kizibo cha chuma, mapovu wametia kiwandani, hata mtoto angelijua hilo. Nikakuna kidevu ambacho hakina ndevu.

— Kitaalamu, nikasema, haliwezi kukataliwa moja kwa moja.

— Umesikia? Bomba akapiga kofi. Mhandisi mwenyewe amesema!

Mhandisi. Nikavuta shati likae sawa.

Wakati huo akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, anataka soda ya baridi. Shangazi ameshaufungua mlango wa friji, chupa iko mkononi, Redio akaropoka:

— Mama, ni hiyo ya mahindi? Na mtoto yuko mgongoni?

Yule mama akaitazama chupa, akatutazama sisi, akanunua kiberiti akaondoka.

Shangazi alitoka na ile chupa. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

— Nyinyi mnakuja hapa kunywa kahawa au kunifungia duka? Ijumaa gari linapita. Wakiikuta friji imejaa, wanaondoka nayo. Mimi nitauza nini, kivuli? Na wewe Barafu, wakiichukua, utakula kwa nani?

— Shangazi, mimi nilikuwa najibu tu swali la kitaalamu.

— Kitaalamu! Wewe ambaye kaptura ulikuwa unavaa nyuma mbele mpaka ukubwani!

Benchi likaangua kicheko, lakini mzee Kielelezo hakucheka. Alisimama, akajipangusa suruali.

— Mama ana haki. Tumemtuhumu mtu bila kusikiliza upande wa pili. Nataka shahidi. Shahidi asiye na redio, asiye na duka, asiyejua kusoma, na asiyehongeka. Anayejua utamu tangu kuzaliwa.

— Nani huyo? akauliza Bomba.

Mzee akanyoosha kidole chini. Kando ya ukuta, kutoka kwenye ufa hadi chini ya benchi letu, msafara wa sisimizi ulikuwa unapita kwa shughuli zake.

Usicheke! Mimi mwenyewe niliona ni hukumu ya haki kuliko zote nilizowahi kusikia. Ikakubaliwa: visahani viwili. Kimoja soda ya zamani, ya miwa, maana shangazi alibakiwa na chupa moja nyuma ya rafu. Kingine ya mahindi. Vyote viwekwe sawa kando ya msafara. Sisimizi wakila vyote, shangazi hana kesi na sisi tutanyamaza. Wakikataa kimoja, kila mtu amejionea.

— Nani atamimina? akauliza Redio.

— Mhandisi, akasema mzee. Mikono ya kitaalamu.

Nikaingia ndani, nikachukua visahani, nikamimina mbele ya wote, kiasi sawa kwa sawa, nikaviweka chini kwa heshima zote. Shangazi alisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia mikononi, anakikunja, anakikunjua.

— Kimya shaurini! mzee akasema, ingawa aliyekuwa anaongea ni yeye.

Sisimizi wa kwanza akakifikia kisahani cha miwa. Akapanda ukingo, akainamisha kichwa. Wa pili. Wa tano. Muda si muda ukingo umekuwa mweusi kama umechorwa kwa kalamu.

— Na huku? akanong'ona Bomba.

Huku akaja mmoja. Akapanda. Akagusa. Akarudi nyuma upesi kama aliyeungua, akazunguka, akashuka.

— Amejifuta mdomo! Mmemwona? Bomba akapiga kelele. Amejifuta mdomo!

— Anakwenda kuwaambia wenzake, akasema Redio.

Akaja wa pili, akageuka. Wa tatu hata hakupanda, alinusa kwa mbali akaingia kwenye foleni ya wenzake. Kahawa ikamiminwa, ikanywewa, ikamiminwa tena. Kisahani cha mahindi kilibaki peke yake kinang'aa juani, hakina hata mgeni mmoja.

— Labda hawana njaa, shangazi akasema.

— Mama, mzee akamjibu kwa upole, kama hawana njaa, mbona kisahani cha jirani wamekijaza?

Akavua miwani. Akasema kwa mujibu wa ushahidi wa mashahidi wasiohongeka, na wa Mhandisi aliyesimamia jaribio, baraza limeridhika kwamba ile soda ina jambo. Jambo gani, hakusema. Hakuna aliyetaka lisemwe. Lilivyokuwa halina jina ndivyo lilivyonoga.

Habari ile haikuhitaji miguu. Redio aliisimulia kwenye kila kichwa alichokishika, na mtu aliyewekewa wembe shingoni habishi. Bomba aliingia nayo kila nyumba yenye choo. Kesho yake watoto walikuwa wanapita mbele ya duka wameziba pua. Keshokutwa, mwanamume mzima alikataa hata maji, kwa kuwa yamelala friji moja na soda.

Shangazi akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Kila alasiri, watu wakitoka kazini, alikuwa anatoka, anasimama kizingitini, anafungua chupa mbele ya mtaa mzima na kuinywa mpaka mwisho. Hana kiu. Anainywa kama dawa, huku anatutazama.

— Anaona raha huyo? akauliza Bomba.

— Ametumwa, akasema Redio.

— Haitokei leo wala kesho, akasema mzee Kielelezo. Mambo haya huchukua muda.

Shangazi akimaliza anapangusa ile chupa, anaipanga mahali pake, anaingia ndani. Friji ilibaki imejaa, inang'aa, ina baridi nzuri kuliko friji zote za mtaa.

Ijumaa gari likaja. Dereva yuko peke yake, kijana mwenye bega moja limefungwa bandeji.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Mwenzangu anaumwa. Naomba mnisaidie kupakia.

Nani atakataa? Sisi si watu wabaya. Shangazi alitoa soda zote akazipanga kwenye kreti, akafuta ndani kwa kitambaa kikavu, akafuta na mlango. Bomba akashika juu, Redio pembeni akisema "polepole, polepole" bila kubeba kitu, mimi nikashika chini kwenye kompresa, ambako ndiko kuna uzito. Tulipoinyanyua, sakafuni pakabaki pembenne safi, palipokaa friji tangu ile ya zamani, pana rangi ambayo duka zima lilikuwa nayo zamani. Shangazi alikuwa anapatazama hapo tulipokuwa tunatoka.

Friji ikakaa juu ya gari. Dereva, jasho linamchuruzika, akachomoa chupa moja ya mahindi kwenye kreti, akaifungulia ukingoni mwa benchi letu, mapovu yakaruka yakamwagika chini. Akaketi palepale kwenye mbonyeo wa Bomba, akagugumia.

Tulimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekanyaga waya wa umeme.

— Sikieni, wazee, akasema akifuta mdomo. Hii kitu mitaa mingine wanaigombania. Hapa kwenu imekuwaje?

Mzee Kielelezo alikuwa anaingoja nafasi hiyo wiki nzima. Akamweleza kesi mwanzo mpaka mwisho: mahindi, unga, picha ya moto, visahani, mashahidi, hukumu. Akamwonyesha na ufa walikotoka mashahidi, akanitaja na mimi, Mhandisi. Dereva alisikiliza bila kukatiza. Mzee alipomaliza, yule kijana alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama chini, kati ya viatu vyake.

— Na hawa? akauliza.

Tukatazama. Palipomwagika mapovu, ardhi ilikuwa inatembea. Sisimizi wamejaa, wanapandana, msafara mnene umetoka kwenye ufa moja kwa moja mpaka kwenye tone la soda ya mahindi, na wengine walikuwa bado wanakuja wanakimbia.

— Hawa mbona wanakunywa?

Redio akafungua mdomo.

— Hao... hao ni wengine.

— Wametoka kwenye tundu lile lile mlilonionyesha, mzee wangu.

Bomba akatazama mabomba ya ukutani, hayakumsaidia. Mzee Kielelezo akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Muuza kahawa akainamisha birika lake juu ya kikombe changu. Likatoa matone, likanyamaza.

— Imekwisha, akasema. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumsikia akilisema.

Hapa ndipo huwa ninaishia ninapoisimulia kwenye mabenchi mengine. Watu wanacheka, mmoja ananilipia kahawa, tunaendelea na mpira. Wewe umekaa kimya tangu nianze, na mtu akikaa kimya hivyo mimi hushindwa kuondoka. Basi kuna kipande nimekiruka.

Asubuhi ile nilikuwa nyuma ya friji kwa sababu shangazi aliniita: haipozi vizuri. Nikakoroga sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kisahani, nikapaka povu kwenye viungio vyote vya bomba. Ndivyo tunavyofanya, gesi ikiwa inavuja povu huvimba. Halikuvimba hata mahali pamoja. Friji ilikuwa nzima kabisa. Shangazi aliibana mno ukutani, joto la nyuma halikuwa na pa kupumulia. Niliivuta mbele kidogo tu, ikaanza kupoza. Kwa hiyo Bomba alipouliza kama gesi inapenya, mimi nilikuwa nimeshapima. Nilikuwa na jibu mkononi.

Na kile kisahani nilikimwaga povu lake dirishani nikakirudisha rafuni. Sikukiosha. Ndicho nilichokitoa, ndicho nilichokitilia mahindi.

Usidhani nililijua siku ya dereva. Nilijua yule sisimizi wa kwanza alipogeuka. Nilikuwa nimechuchumaa palepale, na vidole vyangu vilikuwa vinanuka limau la sabuni. Ningesema. Lakini neno lilipofika mdomoni, mzee Kielelezo alikuwa ameshaanza kusema "na Mhandisi aliyesimamia jaribio", na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka amalize sentensi kwanza. Alipomaliza, ikawa hakuna tena mahali pa kulipachika langu. Kesho yake ikawa vigumu zaidi. Na kila alasiri shangazi aliposimama kizingitini na chupa yake, alikuwa anatutazama sote, lakini mimi nilikuwa naangalia kahawa.

Hata Ijumaa nafasi ilikuwepo. Dereva aliuliza swali lake, akanyanyuka. Gari bado halijawashwa. Friji iko pale juu, ingeshuka kwa mikono ile ile iliyoipandisha. Akauliza nani anajua kufunga kamba. Nikapanda mimi.

Shangazi alikuja mpaka kwenye tairi, akashika ncha ya kamba akanipa.

— Kaza vizuri, mwanangu, akasema. Isije ikaanguka njiani wakasema ni mimi niliyeiharibu.

Nikakaza.